Swali Nililolimeza

Naanza kwa kukiri. Nilidanganya, na niliyemdanganya alikuwa mgeni asiyejua lugha yangu. Tulikuwa mezani, saa saba mchana, Viwanja Sitini, Ifakara. Uongo wenyewe ulikuwa wa maneno matatu: "Amesema hakuna shida." Mama mwenye mgahawa hakuwa amesema hivyo. Hakuwa amesema chochote, kwa sababu sikuwa nimemuuliza.

Mgeni alikuwa mpiga picha kutoka Ulaya, amekuja kupiga picha za wakulima wa mpunga wa bonde la Kilombero. Mimi nilikuwa nimechukuliwa kwa wiki moja kumtembeza na kumtafsiria. Waandishi wa habari wa mikoani tunazijua kazi hizi. Malipo ya gazeti yakichelewa, ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Kabla hajafika aliniandikia barua pepe ndefu. Ana ugonjwa wa siliaki, alisema, hawezi kula kitu chochote chenye gluteni, na atakuja na kadi ya Kiswahili ya kuwaonyesha wapishi. Nikamjibu kwa mstari mmoja: usiwe na wasiwasi, unakuja kwenye nchi ya mchele.

Na kweli. Ukiambiwa umtafutie mtu asiyekula ngano mahali pa kuishi, Ifakara hutaiacha. Mpunga umeuzunguka mji. Kuna wali wa kiporo asubuhi, wali mchana, wali usiku, na asiyetaka wali ana ugali wa mahindi, ndizi za kupika, mihogo, viazi. Mto upo, perege na kambale wapo. Hata vitumbua vya asubuhi ni vya mchele uliolowekwa na kusagwa. Niliona kazi yangu imekwisha kabla haijaanza.

Kumbe kulikuwa na ile kadi. Alipoitoa pale mgahawani nikaisoma kabla ya kumpa mama, na moyo ukashtuka kidogo. Ilikuwa imetafsiriwa na mashine. Ilisema mwenye kadi ni mgonjwa wa gluteni, na ikaomba mpishi ahakikishe chakula "hakijachafuliwa". Mama akaisoma polepole, akiwa na upawa mkononi. Uso ukabadilika.

"Hakijachafuliwa? Yaani chakula changu ni kichafu?"

"Hapana mama, siyo hivyo."

"Na hii gluteni ndo nini? Ni pombe?"

Wateja wakacheka. Nikaona niokoe jahazi. Nikamwambia mama kwamba mgeni anaulizia ngano tu, wali samaki una ngano? Mama akanitazama kama mtu aliyeuliza kama bahari ina magogo. "Ngano itoke wapi mwanangu? Mchele wa shambani huo, samaki wa mtoni." Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao. Mgeni hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini: muulize samaki amekaangwaje. Muulize na mafuta yamekaangia nini kingine.

Nikamtazama mama. Nyuma yangu kuna watu wanasubiri, kijana wa bodaboda anadai sahani yake kwa mara ya pili, jiko la mkaa linatoa moshi. Nikaona aibu. Nikamgeukia mgeni nikamwambia: amesema hakuna shida.

Samaki yule alikuwa amepakwa unga wa ngano kidogo kabla ya kuingia kwenye karai, asigande. Na mafuta ya karai lile asubuhi yalikuwa yamekaanga maandazi. Haya niliyajua kesho yake. Usiku ule mgeni aliugua, na kwa siku mbili hakutoka chumbani. Wakulima tuliokuwa tumepanga nao walitusubiri shambani bure.

Sasa niseme kidogo kuhusu ugonjwa wenyewe, maana nilipokuwa nacheka pale mezani sikuujua. Gluteni ni neno la Kilatini, na maana yake ni gundi. Ni protini iliyomo kwenye ngano, na nyingine za jamii yake zimo kwenye shayiri. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika na mkate uumuke bila kuanguka. Kwa mtu mwenye siliaki, kinga ya mwili ikikutana na kitu hicho hugeuka na kuushambulia utumbo wa mwenye mwili. Vile vinyweleo vidogo vya utumbo mwembamba vinavyonyonya chakula hulala na kuharibika. Mtu hula na asishibe mwilini: anaharisha, anakonda, damu inapungua, mtoto anadumaa. Siyo aleji kama ya mtu anayevimba akila kamba. Dawa yake hadi leo ni moja, kuacha ngano na ndugu zake maisha yote. Kiwango cha kimataifa cha Codex Alimentarius kinataka chakula kinachoitwa "bila gluteni" kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja. Hiyo ni chini ya chembe unazopangusa mezani baada ya kula andazi.

Kisa cha ugonjwa huu kujulikana kinanikaa kichwani. Ulikuwepo tangu zamani, lakini watu walishindwa kuona kinachouleta, kwa kuwa kinachouleta ni mkate, na mkate ndicho chakula chema unachompa mtoto aliyekonda. Daktari mmoja wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alianza kuishuku ngano kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kisha ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945. Mkate ukaadimika Uholanzi. Wenye afya wakadhoofu, na watoto wagonjwa wa siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kitandani. Mwaka 1950 Dicke akaandika tasnifu yake juu ya jambo hilo. Fikiria mama aliyekuwa akimmegea mwanawe mkate kila siku ili apone. Upendo wake haukuwa na kasoro. Kilichokosekana ni kujua.

Tena tusijidanganye kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha utafiti juu ya watoto wa Kisahrawi, Waafrika wenzetu wa Sahara Magharibi, na kati ya kila watoto 100 zaidi ya 5 walikuwa nao. Ulaya kwa kawaida huhesabiwa mtu 1 kati ya 100. Kwetu ngano imeingia mpaka vijijini kwa njia ya maandazi, chapati, biskuti na tambi. Mtoto anayeharisha na kudumaa huku akinyweshwa chai na andazi kila asubuhi, nani atamshuku andazi?

Lakini swali linalonisumbua halihusu utumbo. Ni hili: kwa nini nilidanganya? Maana mimi nilikuwa nimewahi kukaa kwenye kiti cha yule mgeni.

Miaka michache nyuma nilikuwa kwenye mafunzo ya wiki mbili Ujerumani. Mimi ni Muislamu. Siku moja, kwenye mgahawa mdogo, nikamuuliza mhudumu kwa Kiingereza cha kuokoteza kama supu ya viazi ina nyama. Akasema haina. Nikala, tena kwa raha. Tulipotoka mwenzangu mmoja akaniuliza kama huwa nakula nguruwe. Vile vipande vidogo vya kahawia vilivyokuwa vinaelea, akasema, ni Speck, mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa kwa moshi. Tukarudi kumuuliza mhudumu. Alishangaa kwelikweli. Kwake nyama ni nyama, na Speck ni kiungo tu, kidogo, cha kutia ladha.

Sikuugua. Wala sikuona nimetenda dhambi, kwa maana asiyejua hahesabiwi. Nilichohisi kilikuwa kama kuibiwa. Kuna uamuzi mmoja ambao nimeufanya kila siku tangu utotoni, na siku ile mtu mwingine aliufanya kwa niaba yangu, akitabasamu, bila kujua kwamba ameufanya. Nilirudi nyumbani na kisa hicho nikakisimulia vijiweni kama kichekesho juu ya Wajerumani. Na bado, nilipopewa mimi zamu ya kusimama kati ya anayekula na anayepika, nikafanya vibaya kuliko yule mhudumu. Yeye hakujua. Mimi niliombwa kuuliza nikakataa.

Nimelitafakari jambo hili na nimepata majibu mawili. La kwanza ni jepesi. Mkalimani hukaa katikati ya karaha mbili, na ile iliyo karibu hushinda. Karaha ya mama ilikuwa mbele yangu, na moshi wake, na foleni yake. Maumivu ya mgeni yangekuja usiku, nyuma ya mlango wa chumba cha wageni, mahali ambapo singeyaona. Nilinunua amani ya mchana wangu kwa usiku wa mtu mwingine.

La pili ni baya zaidi na lilichukua muda kulikubali. Nilijiambia nafanya adabu. Kwetu kuhoji chakula cha mtu ni kumvunjia heshima, sote tumelelewa hivyo: ukikaribishwa, nawa ule. Lakini chini ya adabu ile kulikuwa na dharau, tena ya pande mbili. Nilimdharau mgeni kwa kudhani ni mbwembwe tu, hawa watu kila siku wana kitu kipya wasichokula. Na nilimdharau mama kwa kudhani hataelewa. Mama lishe, mambo ya protini ataanzia wapi? Basi nikawalinda wote wawili na maneno, kana kwamba ni watoto.

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja, mwandishi pia, alinitetea. Hoja yake si ya kupuuzwa. Alisema: mtu anasafiri maelfu ya kilomita kwa hiari yake, anaingia kwenye jiko la mwanamke anayepika kwa majiko mawili ya mkaa na faida ya elfu chache kwa siku, halafu anamdai masharti ambayo hoteli kubwa za kwao zenyewe zinahangaika nayo. Kwa nini mzigo umwangukie mama? Kama mwili wake una masharti, abebe chakula chake. Na angekuja mkulima wa hapa na sharti kama hilo, nani angemsikiliza?

Nakubaliana naye nusu. Mama hakuwa na deni la kumpikia mgeni chakula cha peke yake. Angeweza kusema, "Baba, kwangu mimi siwezi, karai langu ni moja," na mgeni angepaswa kushukuru, kununua ndizi mbivu na kuondoka bila kununa. Lakini mama alikuwa na haki ya kusema neno hilo mwenyewe. Anayepika ana deni moja tu kwa anayekula, nalo ni ukweli juu ya kilichomo chunguni. Anayeuliza ana deni la kupokea "siwezi" bila kinyongo. Na mkalimani anadaiwa na wote wawili: swali lote lifike, jibu lote lirudi. Nilipolimeza swali sikumpunguzia mama mzigo. Nilimnyima nafasi ya kujibu, halafu nikatia jibu langu kinywani mwake. Mgeni alipokuwa anatapika, aliamini kwamba aliyemdanganya ni yule mama.

Sisi wapenda vitabu huwa tunawasamehe watafsiri mambo mengi. Tunawasifu hata wanapoongeza chumvi yao. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, hakuuita mfanyabiashara. Mwaka 1969 kitabu kilitoka kwa jina la Mabepari wa Venisi, na hapo tayari mtafsiri ameshatoa hukumu kabla pazia halijafunguliwa. Tunafurahi, tunaandika makala juu yake. Ndani ya tamthilia hiyohiyo yumo Shylock, aliye tayari kuuza na kununua na Wakristo lakini hayuko tayari kula nao, kwa sababu ya nguruwe. Shakespeare alijua kwamba mezani ndipo watu wanapojuana kama wanaaminiana. Ila msomaji wa Nyerere haharishi kwa uamuzi wa mtafsiri. Akitaka, atalinganisha na Kiingereza. Mgeni wangu hakuwa na nakala ya pili. Nakala yake ilikuwa mimi.

Kesho yake asubuhi nilirudi kwa mama peke yangu. Niliamkia, akaitikia marahaba, nikakaa kwenye benchi karibu na jiko nikamweleza yote, pamoja na uongo wangu. Nilitegemea atakasirikia masharti ya mgeni. Alinikasirikia mimi.

"Sasa mwanangu, mbona hukuniuliza? Samaki wabichi walikuwepo kwenye beseni pale. Ningempikia chukuchuku, nyanya, ndimu, chumvi, kwenye sufuria yake. Ningeshindwa nini?"

Sikuwa na jibu. Samaki wa kuchemsha, robo saa jikoni. Hicho ndicho nilichokuwa nimekiona hakiwezekani.

Nikamuuliza kama vitumbua vyake navyo vina ngano. Akasema vya kwake hapana, ila wengi hutia unga wa ngano kidogo wa kushikia, mchele peke yake unakatika ukipindua. Hapo nikanyamaza. Gluteni, gundi, unga wa kushikia. Mama huyu alikuwa anaijua gluteni kuliko mimi na mashine iliyoandika kadi. Aliijua kwa vidole, kwa miaka yote aliyokanda chapati na kuona inavutika. Neno tu ndilo hakuwa nalo, na hakulihitaji.

Kisha nikamuuliza kuhusu sufuria na mafuta, nikijiandaa kueleza kwa urefu. Hakunipa nafasi. "Kwani mimi kitimoto naingiza humu?" Akaeleza kwamba wateja wake ni Wakristo na Waislamu, na kwa hiyo nguruwe haingii jikoni kwake, wala sufuria iliyopikiwa nguruwe haiazimwi, wala mwiko. Yaani somo zima la chakula kugusana na chakula, ambalo niliona haya kumsumbua nalo, mama alikuwa analitekeleza kila siku kwa ajili ya watu kama mimi. Mimi nilikula pale kwa amani bila kuuliza kwa sababu yeye alikuwa ameshajiuliza kabla yangu.

Na tazama lugha yetu ilivyo. Mwiko ni kile kijiti bapa cha kusongea ugali, na mwiko ni kile ambacho mtu haruhusiwi kukila au kukitenda. Sijui kama maneno hayo mawili ni ndugu, lakini jikoni yanakaa pamoja: mwiko mmoja ukichovya vyungu viwili unavunja mwiko wa mtu. Kama siku ile ningesema, "Mama, kwake ngano ni mwiko, mpaka mafuta na sufuria," ningekuwa nimesema kila kitu, na kijana wa bodaboda angepata sahani yake kwa wakati.

Je, ungekuwa uongo mwingine? Mgeni hakuwa na mwiko wa ukoo wala wa dini, alikuwa na ugonjwa. Nimejiuliza hili. Nadhani mfano ni halali pale unapofikisha uzito wa jambo bila kuficha jambo lenyewe. Ningesema tu kwamba ni mwiko, mama angeweza kudhani ni imani, na wako watu wanaoona imani ya mwenzao inaweza kuchezewa kidogo asipoona. Ningesema tu kwamba ni ugonjwa, angedhani kama watu wengi kwamba ugonjwa una siku zake, leo kidogo hakitamdhuru. Bora kusema yote mawili. Ni ugonjwa, na unashikwa kama mwiko.

Nilimwendea mgeni nikamwambia ukweli, kwamba mama hakusema neno lile, nililitunga mimi. Alinyamaza muda mrefu. Akasema jambo moja, kwamba angekubali kulala njaa kuliko kutafsiriwa hivyo. Sikuomba anisamehe zaidi ya mara moja. Alipopata nguvu tulikwenda kwa mama, akala chukuchuku na wali, na mimi nikakaa karibu na karai nikitafsiri kila neno, hata yale ya kuchosha.

Kabla hajaondoka tulimwandikia kadi mpya. Mama alitaja, mimi nikaandika. Naiweka hapa kwa yeyote mwenye hali hiyo, au mwenye mgeni mwenye hali hiyo:

"Shikamoo, au habari za kazi. Mimi nina ugonjwa wa tumbo wa maisha. Ngano kwangu ni sumu, hata kidogo tu ya kushikia. Sili chapati, andazi, mkate, tambi, wala samaki aliyepakwa unga wa ngano, wala kitu kilichokaangwa kwenye mafuta ya maandazi. Nakula wali, ugali wa mahindi, ndizi, muhogo, viazi, maharage, samaki wa kuchemsha. Naomba sufuria na mwiko visiwe vimegusa ngano. Kama haiwezekani niambie tu, sitachukia. Ahsante."

Salamu ya mwanzo aliisisitiza mama. Huwezi, alisema, kuingia jikoni kwa mtu na sharti kabla ya salamu. Na ile "niambie tu, sitachukia" pia ni yake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema watu wengi hudanganya kwa kuogopa kumuudhi mteja.

Hakuwa akinisema mimi, nadhani. Aliendelea kupepea jiko.